Biskuti za Idd kwa mwenye kisukari: Kutoa sukari peke yake hakutoshi



Kumi la mwisho la Ramadhani likishaingia, majiko ya nyumba zetu nyingi hayapoi. Mchana kutwa ni vileja, visheti, biskuti za siagi na keki, na asubuhi ya Idd sahani zinatoka nyumba hii kwenda ile na kurudi na vya jirani. Ni desturi nzuri na hakuna anayetaka iondoke. Lakini siku hizi karibu kila ukoo una mtu wake mwenye kisukari, na sahani inapomfikia huyo hutokea moja kati ya mambo mawili. Ama anaipisha huku wajukuu wakimtazama, ama anakula kisha jioni anajuta.

Mama mmoja wa mtaani kwetu alipata bahati ya binti mwenye huruma. Binti alimpikia mama yake biskuti za peke yake, akatoa sukari yote na kuweka asali badala yake. Asubuhi ya Idd mama alikula sita, kwa chai ya rangi isiyo na sukari, akifurahi kwamba leo naye yumo. Baada ya masaa mawili akapima. Mashine ambayo alfajiri ilisoma 8 sasa ilisoma 16. Binti alidhani mashine imeharibika, akaenda kuazima ya jirani, nayo ikasema vile vile.

Mashine haikuwa na kosa, na binti hakuwa na nia mbaya. Alichokosa ni elimu moja ndogo ambayo wengi wetu tunaikosa, nayo ndiyo somo letu la leo.

Unga nao ni sukari iliyojificha

Tunaposema "sukari" akili huenda kwenye kopo la sukari. Mwili hautazami kopo. Wanga wote tunaokula, uwe wa ngano, mchele, mahindi, muhogo au ndizi, ukifika tumboni na kwenye utumbo mwembamba huvunjwavunjwa mpaka ukawa glukozi, ambayo ndiyo sukari ya kwenye damu. Kwa mtu mzima wa afya, kongosho hutoa insulini na sukari hiyo ikaingia kwenye chembe hai za mwili. Kwa mwenye kisukari insulini ni pungufu au haifanyi kazi sawasawa, kwa hiyo sukari hubaki ikizunguka kwenye damu.

Sasa tazama unga wenyewe. Katika gramu 100 za unga mweupe wa ngano, gramu 76 hivi ni wanga. Unga wa mchele, ule wa vileja, unafika 80. Unga wa muhogo unazidi hapo. Hata unga wa atta, ambao watu huusifu sana, una gramu kama 72, ila ndani yake mna nyuzinyuzi kiasi cha 10 zisizogeuka sukari. Ni afadhali, lakini afadhali hiyo ni ndogo kuliko watu wanavyodhani.

Tupige hesabu ya biskuti za kawaida za nyumbani: unga gramu 250, sukari gramu 125, siagi gramu 125 na yai moja, zikitoka biskuti 36. Unga unaleta wanga gramu 190, sukari inaleta 125. Jumla ni 315, na ukigawa kwa 36 kila biskuti ina karibu gramu 9. Kijiko kimoja cha chai cha sukari ni kama gramu 4. Kwa hiyo kila biskuti moja ni sawa na vijiko viwili vya sukari, na nani anakula biskuti moja siku ya Idd?

Turudi kwa yule binti. Asali ina wanga gramu 82 hivi katika kila gramu 100, kwa sababu iliyobaki karibu yote ni maji. Gramu 125 za asali zinaleta gramu 102. Jumla mpya ni 292, na kila biskuti ina gramu 8. Kazi yote ile ilishusha kutoka 9 hadi 8. Na lau asingetia utamu wowote, unga peke yake ungeleta gramu 5 kwa kila biskuti. Mama alikula sita. Hata zile zisizo na utamu kabisa zingempa gramu zaidi ya 30.

Hapa naomba nieleweke. Asali ina heshima yake katika dini yetu na sina neno nayo. Tende vile vile. Lakini mwenye kisukari anapaswa kuzihesabu kama anavyohesabu sukari, na sukari guru pia, na ile sukari ya rangi ya kahawia inayouzwa ghali kwa jina la afya. Rangi haipunguzi wanga.

Basi kubadilisha kinachotia utamu ni nusu ya kazi. Nusu ya pili, na kubwa zaidi, ni kubadilisha unga.

Unga usiokuwa wa nafaka

Katika vitabu vya mapishi vya Ulaya na Marekani unga unaotajwa ni wa lozi. Ni mzuri, lakini lozi kwetu ni za kununua kwa gramu, na sioni sababu ya kumwambia mama wa nyumba ya kawaida kwamba afya yake iko kwenye duka asiloingia. Tunavyo vitu vitatu vyetu: karanga, ufuta na machicha ya nazi.

Karanga gramu 100 zina wanga gramu 16 tu, na nusu ya huo ni nyuzinyuzi. Zilizobaki ni mafuta na protini. Ufuta una wanga gramu 23, nao nusu yake ni nyuzinyuzi. Machicha ndiyo yanayonishangaza kila siku. Tunakuna nazi, tunakamua tui, kisha machicha tunawatupia kuku. Kumbe sehemu kubwa ya wanga uliobaki mle ni nyuzinyuzi, ambazo mwili hauzigeuzi sukari na ambazo husaidia choo kwa wenye tatizo la kufunga choo.

Machicha ya kusaga yanatengenezwa hivi. Baada ya kukamua tui, yasuuze mara moja kwa maji ya vuguvugu na uyakamue kwa kitambaa safi mpaka yakauke maji. Yatandaze kwenye sufuria pana juu ya moto mdogo sana ukigeuza geuza, au kwenye trei juani, yakiwa yamefunikwa kitambaa chepesi dhidi ya nzi na vumbi. Yakaushwe siku hiyo hiyo. Machicha mabichi yakilala huchacha, na yaliyochacha hayasafishwi kwa kukaushwa. Yakiwa makavu ya kuvunjika vidoleni, saga na chekecha. Nazi moja kubwa hutosha kwa mapishi ya leo.

Karanga zinataka macho

Kabla ya kupika kuna jambo la usafi ambalo naliona kubwa kuliko mapishi yenyewe. Karanga na mahindi zikihifadhiwa zikiwa na unyevu huota kuvu, na baadhi ya kuvu hao hutoa sumu inayoitwa sumukuvu. Sumu hii hudhuru ini, na kuila kidogo kidogo kwa muda mrefu huongeza hatari ya saratani ya ini. Ikiwa nyingi huua haraka: mwaka 2004, katika maeneo ya mashariki ya Kenya, watu 317 waliugua na 125 kati yao walifariki kwa kula mahindi yenye sumu hii. Na ijulikane kwamba moto wa jikoni hauiondoi. Kukaanga, kuchemsha au kuoka hakutoshi.

Kwa hiyo nunua karanga nzima, si unga wa karanga uliosagwa tayari, kwa kuwa ndani ya unga huoni kitu. Zimwage kwenye ungo, kaa mahali penye mwanga na uchambue moja moja. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na wadudu, zenye ukungu au ladha ya uchungu, tupa. Usizipe kuku wala usimpe maskini. Kisichofaa kwako hakimfai yeye.

Mapishi

Vitu vinavyohitajika kwa biskuti 24: karanga zilizochambuliwa gramu 200, machicha makavu yaliyosagwa gramu 50, ufuta vijiko viwili vya chakula, mayai mawili, siagi au samli gramu 50, beking pauda nusu kijiko cha chai, iliki iliyotwangwa nusu kijiko cha chai, mdalasini kiasi hicho hicho, na chumvi kidogo sana. Utamu tutauzungumzia chini. Kama una mzani mdogo wa jikoni utumie, maana vikombe vya nyumba zetu havilingani.

Wapo watakaouliza vanila. Vanila nyingi za maji hutengenezwa kwa kilevi, na wanazuoni wana maneno yao marefu juu ya hilo. Iliki inatuondolea mjadala, na kwa biskuti hizi naiona tamu zaidi.

Kaanga karanga kwa moto mdogo mpaka maganda yaachie, zisugue kwa kitambaa, pepeta, kisha ziache zipoe kabisa. Wengi huharibikiwa hapa. Karanga za moto zikitiwa kwenye brenda zinatoa mafuta na unapata siagi ya karanga badala ya unga. Ziwe baridi, zitiwe kidogo kidogo pamoja na kijiko cha machicha makavu yanayonyonya mafuta, na usage kwa kushtua shtua, sekunde chache kisha uzime. Anayetumia kinu atwange taratibu na achekeche mara kwa mara. Chembe kubwa kidogo haziharibu kitu.

Changanya vitu vikavu. Piga mayai na siagi iliyoyeyushwa na kupoa, mimina juu yake na ukande kwa mkono safi. Mwanzoni donge litaonekana limelowa. Usiongeze kitu. Liache dakika kumi ili machicha yanywe maji, na ndipo uamue. Likiwa bado linapasuka tia kijiko cha maji, likiwa laini mno tia machicha kidogo. Na akina mama wenye tabia ya kuonja donge bichi waiache, kwa kuwa mayai mabichi yanaweza kuleta kuhara na homa. Nawa mikono kwa sabuni baada ya kushika maganda ya mayai.

Fanya viduara vya ukubwa wa ndimu ndogo na ubonyeze kwa uma viwe na unene wa nusu sentimita hivi. Biskuti hizi hazitanuki kama za ngano, kwa hiyo umbo unalolitia ndilo utakalolitoa.

Kwa mwenye oveni, joto la nyuzi 150 hadi 160 linatosha, dakika 15 hadi 20. Usipandishe. Mafuta ya karanga huungua upesi na biskuti ikishakuwa kahawia iliyokolea huwa chungu. Kwa mwenye jiko la mkaa, chukua sufuria kubwa nzito, tia mchanga safi mkavu chini, weka trei au sahani ya bati juu ya mchanga, funika, na mkaa mwingi uwe juu ya mfuniko kuliko chini. Anza na biskuti moja ya majaribio. Ikiungua chini kabla ya juu kukauka, punguza makaa ya chini. Jiko la mkaa liwe nje au penye hewa ya kutosha. Hewa ya mkaa ukiwa chumba kimefungwa inaua, wala haina harufu ya kukuonya.

Zikitoka zitakuwa laini na utadhani hazijaiva. Unga wa ngano una utando unaoshikanisha, karanga hazina. Ziache kwenye trei mpaka zipoe kabisa, kama nusu saa, ndipo zinakaza. Anayezinyanyua za moto atabaki na makombo.

Utamu

Kwa maoni yangu jambo la kwanza ni kuuzoeza ulimi. Iliki, mdalasini na chumvi kidogo huipa karanga utamu wake, na baada ya wiki mbili tatu za kupunguza, mtu huanza kuuhisi. Lakini Idd ni Idd, na tusijifanye watawa.

Anayepata stevia aitumie kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na asome pakiti nzima. Nyingine zimechanganywa na dekstrosi au maltodekstrini ili zijaze kijiko, na hivyo vyote viwili ni wanga unaopandisha sukari. Aspatami, ile ya vidonge vya chai, haifai kuoka kwa sababu hupoteza utamu kwenye moto. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa ushauri kwamba vitamu hivi visitumike kama njia ya kupunguza uzito. Ushauri huo haukuwahusu watu ambao tayari wana kisukari, lakini watoto na watu wazima wasio na ugonjwa hawana haja navyo.

Na asiyepata stevia? Atie sukari ya kawaida vijiko viwili vya chakula, gramu 25, kwa biskuti zote 24. Najua baadhi watashtuka. Hesabu inasema kila biskuti inaongezewa gramu moja tu. Biskuti yenyewe bila utamu ina wanga gramu 2 hivi, na kati ya hizo karibu gramu moja ni nyuzinyuzi. Ukiongeza sukari hiyo inakuwa gramu 3. Nne ni gramu 12. Nne za kawaida ni gramu 36. Hii ndiyo faida ya kubadilisha unga: hata sukari kidogo ikiingia, jumla bado iko chini.

Lisilosemwa na wauzaji

Biskuti hizi hazipunguzi unene. Mafuta ya karanga yana nguvu nyingi, na kwa hesabu yangu kila moja ina kama kalori 85, wakati ile ya kawaida ina 65 hivi. Zinafaa sukari ya damu, hazifai kuliwa bakuli zima mbele ya televisheni. Mbili hadi nne kwa siku zinatosha. Mwenye ugonjwa wa figo aulize daktari kwanza, kwani karanga zina potasiamu na fosforasi ambazo figo mbovu hushindwa kuzitoa. Na kwa kuwa wapo watu ambao karanga huwavimbisha uso na kuwabana pumzi, mwambie mgeni zimepikwa na nini kabla hajatia mkono.

Jambo lingine ni la hatari, na naomba lisomwe kwa utulivu. Anayechoma insulini, au anayemeza vidonge vya kundi la glibenklamidi, dozi yake imepangwa kwa chakula anachokula kila siku. Akipunguza wanga ghafla na dozi ikabaki ile ile, sukari inaweza kushuka mno. Dalili zake ni kutetemeka, jasho la baridi, njaa kali, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa. Kwa hiyo azungumze na kliniki yake kabla ya kubadili mlo. Anayetumia metformini peke yake hatari hiyo ni ndogo.

Na sukari ikishashuka chini ya 4, yaani chini ya 70 kwa mashine zinazosoma miligramu, biskuti hizi si dawa. Hazina sukari ya kutosha na mafuta yake huchelewesha hata hiyo kidogo. Mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, na upime tena baada ya dakika 15. Akiwa amepoteza fahamu usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali. Kama alikuwa amefunga, hapo afungue mara moja, hata kama magharibi imebaki dakika tano.

Mwenye mashine nyumbani afanye jaribio lake mwenyewe kabla ya sikukuu. Apime, ale mbili bila kitu kingine, apime tena baada ya masaa mawili, aandike. Miili haifanani, na namba iliyoandikwa ni bora kuliko maneno ya gazeti.

Yule binti tuliyeanza naye sasa hupika trei moja tu kwa nyumba nzima. Anasema zile za mama zilipotengwa kwenye kopo lake, wajukuu walikuwa hawalisogelei, na mama alikuwa akila huku akijihisi mgonjwa. Zilipochanganywa na vileja kwenye sahani ya wageni, za karanga ndizo ziliisha mwanzo, na ikabidi amfichie mama yake.

Zihifadhi kwenye bati au kopo lenye mfuniko unaobana, mahali pakavu. Zinakaa siku tano hadi saba. Baada ya hapo mafuta ya karanga huanza kunuka kama mafuta yaliyolala, na ukisikia harufu hiyo zitupe. Kwenye jokofu la kugandisha zinafika mwezi mmoja. Bandika karatasi yenye tarehe juu ya kopo, na jina la karanga liandikwe wazi.

Wabillahi tawfiq.